Sikio la Kulia

Mtoto alianguka kutoka kwenye kigoda, akafumbua mdomo kulia, na kilio hakikutoka. Machozi yalimwagika, kifua kikapanda na kushuka, lakini chumba cha ushonaji kilibaki kimya kama kisima. Mama yake, fundi wa magauni, alimnyanyua akamkagua ulimi. Juzi tu mtoto alikuwa akiita "mama" mpaka majirani wakacheka.

"Meno hayo, wifi," alisema dada wa mumewe kutoka cherehani ya pili. "Yakishatoka atakuchosha kwa maneno."

Akamwamini. Angeachaje? Wifi ndiye aliyemkanda alipojifungua, ndiye aliyemwachia kiti chenye mto. Wifi mwenyewe alimzika binti yake mchanga, ila hakuwahi kuonyesha kijicho. Miaka kumi walishona bega kwa bega wakisikiliza podikasti kwa hedifoni moja, kila mtu na sikio lake. Walipenda ile ya mapenzi, ile ya afya, ile ya kesi za mauaji. Zote zikaisha, wasimuliaji wakaolewa au wakachoka. Ikabaki moja, ya mwanamke mwenye sauti ya asali aliyeanza kila siku kwa kusema, "Karibuni, wapenzi wangu, sogeeni." Wifi alimpa daima upande wa kushoto. Huo ndio mzima, alisema. Yeye ule unaokwaruza ulimtosha.

Mchana huo mteja aliita nje, wifi akatoka na futi yake ya kupimia shingoni. Upande wake wa hedifoni ukabaki mezani. Fundi akauokota, kwa huruma tu, ajue unakwaruza kiasi gani, akautia sikioni.

Haukukwaruza. Kushoto msimuliaji aliendelea na kisa chake. Kulia sauti ileile ilinong'ona mambo mengine, taratibu, huku harufu ya nywele zilizoungua ikipanda kutoka kwenye waya, na nyuma ya mnong'ono mtoto alikuwa akicheka, kicheko alichokijua kuliko jina lake mwenyewe, kikikatika na kuanza upya, kisha kikaita "mama, mama", na mwanawe alikuwa hapohapo mapajani pake, mdomo wazi, hana sauti.

"Sauti ya huyu imemkaa binti yako vizuri," ikanong'ona. "Sasa tumtafutie pumzi."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Hakukana.

"Binti yangu alikuwa kimya huko aliko," alisema polepole. "Nilimwazimia sauti tu."

"Ya mwanangu?"

"Wewe utazaa mwingine."

Neno hilo lilimchoma kuliko jini lile la kwenye waya. Kule kukandwa, ule mto, lile sikio zima. Kikulacho ki nguoni mwako, na wao ndio washonaji wa nguo.

Akashika mkasi wa vitambaa, akaukata waya. Kitu kililia ndani ya kuta, cherehani zote mbili zikakimbia bila mguu juu yake, kisha kukawa shwari. Wifi alipiga magoti, akaokota vipande, akavitia sikioni kimoja kimoja akimwita binti yake.

Mtoto akakohoa. Fundi akamkumbatia.

"Sema, mwanangu. Sema mama."

Mtoto akamzungushia mikono shingoni, akasogeza mdomo kwenye sikio lake la kulia.

"Karibu, mpenzi wangu," ikasema ile sauti ya asali. "Sogea."