Patasi ya Laurenti

Kila asubuhi Agripina aliamka mapema, akawasha moto, akabandika chai, kisha akafagia uwanja. Hapo kijijini Kinyangiri kufagia uwanja si jambo la ajabu. Lakini Agripina alifagia kama mtu anayegombana na vumbi. Kigoda alikisukuma huku. Ndoo aliisogeza kule. Kuni alizihamishia nyuma ya nyumba.

"Sitaki baba Catherine ajikwae," aliwaambia majirani.

Baba Catherine ni mumewe, Laurenti. Alikuwa seremala. Milango mingi ya Kinyangiri ilitoka mikononi mwake. Na alikuwa mkali! Ukitaka ugomvi na Laurenti, gusa patasi yake, kile chuma chenye makali anachochongea mbao. Angekugombeza mpaka ukajuta kuzaliwa karibu na karakana.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Hayakuuma, kwa hiyo hakuwa na haraka. Alipofika hospitali, daktari alisema ni presha ya macho.

"Ugonjwa huu huja kimyakimya," daktari alieleza. "Ukiwahi, tunauzuia. Wewe mzee wangu umechelewa, macho hayatarudi. Waambie ndugu zako na watoto wako wapimwe mapema."

Laurenti aliporudi nyumbani, majirani walikuja kumpa pole. Walileta unga, walileta kuku, walikaa naye. Ni desturi nzuri. Ila miezi ikapita, na pole hazikuisha. Laurenti akawa anashinda kwenye kigoda chake kivulini, akipokea pole kama mfiwa.

Agripina alimpenda sana mumewe. Alimletea maji ya kunawa, alimkatia ugali, alimfunga hata kamba za viatu. Vifaa vya useremala alivifungia kwenye sanduku chini ya kitanda.

"Mama Catherine, vifaa vyangu viko wapi?" Laurenti aliuliza siku moja.

"Nimevihifadhi. Vina makali, vile. Wewe pumzika."

"Asante," alijibu Laurenti.

Asante hiyo ilimuuma Agripina. Laurenti wa zamani angefoka. Siku hizi kila kitu ni asante. Akipewa chai, asante. Akisukumwa kando kama gunia, asante.

Jioni moja, wakiwa wanakula, Laurenti alisema taratibu, "Nimempigia simu Fredrick. Jumamosi atakuja kuchukua vifaa vyangu vyote."

Fredrick alikuwa mpwa wake, fundi seremala kule Shelui.

"Vyote?" Agripina aliuliza. "Na patasi?"

"Na patasi. Vinaota kutu bure. Mimi nimekwisha."

Agripina alirudisha tonge sahanini. Alijua kwamba vifaa vikiondoka, fundi Laurenti naye ataondoka. Atabaki mzee wa kwenye kigoda.

Kesho yake alikwenda kwenye mkutano wa kikundi chao cha akina mama wafuga nyuki. Walikuwa wanazungumzia mizinga. Ile waliyonayo ilikuwa imeoza, na mizuri ilitoka mbali. Agripina hakusikia neno. Mkutano ulipoisha alimfuata Rahabu, afisa maendeleo ya jamii wa kata, akamweleza yote huku akilia.

"Kesho nitakuja, mama," Rahabu alisema. "Na sitaleta pole."

Rahabu alifika asubuhi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Siku hizi unashindaje?"

Agripina alidakia, "Anashinda salama tu. Anapumzika."

Rahabu akatabasamu. "Samahani, mama. Nilimuuliza baba."

Laurenti aliinua uso. Kwa muda mrefu watu walikuwa wakimuuliza mkewe: amelala? Amekula? Anataka nini?

"Nashinda nikipewa pole," alisema. "Nimechoka nazo."

"Ulipokuwa unafanya kazi, kipi ulikipenda zaidi?"

Laurenti alianza kueleza. Alieleza jinsi mbao mbili zinavyoingiana bila msumari. Mikono yake ilichonga hewani. Agripina aliacha kuchambua mboga, akabaki anaitazama mikono hiyo.

"Sasa, baba, katika kazi hiyo, ni nini hasa kinachokushinda bila macho?"

Laurenti alifikiri. "Kupima. Siwezi kusoma futi. Na kukata kwa kufuata mstari."

"Basi?"

"Kupiga randa ni mikono. Kuunganisha ni mikono. Yanayonishinda ni yale mawili tu."

"Hayo mawili tutayatafutia njia."

"Rahabu mwanangu, atajikata!" Agripina alilalamika. "Kwa nini asisuke vikapu? Nasikia wasioona wanasuka vikapu."

"Baba, unapenda kusuka vikapu?"

"Sijawahi hata kuvitamani," Laurenti alijibu, na Rahabu akacheka.

"Mama, hapo ndipo wengi tunapokosea," Rahabu alisema. "Tukisikia mtu ana ulemavu, tunamchagulia kazi kwa kuutazama ulemavu. Asiyeona, vikapu. Asiyetembea, cherehani, hata kama inakanyagwa kwa miguu! Anza na mtu mwenyewe. Anajua nini? Anapenda nini? Halafu itazame kazi, uone kinachomzuia, ukirekebishe. Kule Mkiwa yuko Marko, anatembelea kiti cha magurudumu. Anatengeneza simu. Waliinua meza tu, kiti kikaingia chini yake. Dorika hasikii, lakini anakamua mafuta ya alizeti kiwandani. Wenzake walijifunza ishara zake, na mashine ikawekewa taa ya kuonya. Tena sheria inakataza mwajiri kumnyima mtu kazi kwa sababu ya ulemavu wake."

"Huyo Dorika anapika pia?" aliuliza Agripina.

"Anapika, na amewasomesha wadogo zake."

Rahabu akamgeukia Laurenti. "Baba, hebu tembea mpaka karakana yako."

Karakana ilikuwa kibanda kidogo upande wa pili wa uwanja. Laurenti alinyanyuka na fimbo yake. Hatua chache tu, akaipiga ndoo teke. Maji yakamwagika.

"Jamani! Na nimeiondoa njiani mwenyewe leo asubuhi!" Agripina alipiga kelele.

"Jana ilikuwa wapi?" Rahabu aliuliza.

"Karibu na mlango."

"Na juzi?"

"Juzi... sikumbuki."

"Mama, unampenda sana," Rahabu alisema kwa upole. "Lakini kila siku unampa uwanja mpya. Mtu asiyeona huishika njia kichwani. Vitu vikikaa mahali pamoja, atapajua. Ukihamisha kitu, mwambie."

Agripina aliitazama ndoo. Miezi yote hiyo alidhani anamfungulia mumewe njia, kumbe anampotezea. Roho ilimuuma. Akaiokota ndoo, akaiweka karibu na mlango.

"Baba Catherine," aliita, "ndoo iko kushoto kwa mlango. Haitoki hapo tena."

Jumamosi Fredrick alifika na gunia la kubebea vifaa. Alikuta sanduku limefunguliwa, na mjomba wake anapanga vifaa ukutani, kila kimoja na msumari wake.

"Mjomba, si ulisema nivichukue?"

"Nilisema. Sasa nasema kaa hapa unisaidie."

Walishinda karakanani. Rahabu alikuwa ameleta agizo kutoka kwa akina mama wa kikundi: watengenezewe mzinga mmoja wa majaribio. Juu ya mzinga hupangwa vijiti ambavyo nyuki hujengea masega. Vijiti hivyo lazima viwe na upana mmoja. Kwa kuwa Laurenti hakuweza kusoma futi, Fredrick alikata pengo kwenye ubao, lenye upana uleule unaotakiwa. Kijiti kikipita humo bila kucheza, kimetimia. Kwa kukata, walitengeneza kihori cha mbao, kama kisanduku kisicho na mfuniko, chenye mianya pembeni. Msumeno ukiingia kwenye mwanya, hauwezi kwenda kombo. Msumari Laurenti aliushika kwa koleo, nyundo isipate vidole.

Agripina alikuwa anachungulia mlangoni. Mara patasi ikamteleza Laurenti. Damu ikatoka kidoleni.

"Basi! Inatosha!" Alimnyang'anya patasi. "Nilisema atajikata! Fredrick, chukua vitu hivi uende navyo!"

Fredrick alitazama chini. Laurenti hakufoka.

"Agripina," aliita. Jina hilo hakuwa amelitumia tangu Catherine azaliwe. "Nipe mkono wako."

Akakichukua kidole cha mkewe na kukipitisha juu ya makovu ya mkono wake mwenyewe. "Hili ni la mlango wa kanisa. Hili ni la kitanda cha Catherine. Na hili kubwa ni la kabati lako. Siku hizo nilikuwa naona vizuri kabisa."

Agripina alicheka na machozi yakamtoka papo hapo. Alikifunga kidole kwa kitambaa. Kisha akamrudishia patasi.

Mzinga wa kwanza haukuwa mzuri sana. Vijiti viwili vilikataa kuingia, Laurenti akavichonga upya. Wa pili ulikaa sawasawa. Akina mama waliutundika, nyuki wakahamia wenyewe, na kikundi kikaagiza mingine. Fredrick alirudi Shelui na gunia lake tupu. Rahabu alimkutanisha Laurenti na wenzake watatu wenye ulemavu, wakaunda kikundi chao, wakaomba mkopo ule ambao halmashauri hutenga kwa watu wenye ulemavu, wakapata mbao za kutosha. Majirani bado wanakuja, ila sasa wanakuja kuagiza viti.

Asubuhi moja Agripina alikuwa anafagia. Alikizunguka kigoda, hakukigusa. Alimaliza vizuri, akaegemea ufagio. Ndipo sauti ikapasuka kutoka karakanani.

"Nani amegusa patasi yangu?"

Agripina alishtuka. Jana yake aliichukua kufungulia kopo la rangi, akasahau kuirudisha kwenye msumari wake.

"Mama Catherine! Nimesema mara ngapi? Patasi si kijiko! Nyumba hii mtu hawezi kuwa na kifaa chake kikatulia?"

Akaendelea hivyo, mpaka kuku wakakimbilia nyuma ya nyumba. Hakukuwa na asante hata moja.

"Nisamehe, fundi," Agripina alisema, akienda kuichukua.

Chai ilipoa mezani na Laurenti bado anagomba. Agripina alisimama mlangoni mwa karakana, machozi yanamtiririka, akisikiliza kila neno, akiomba asinyamaze upesi.