Marashi kwenye Koti la Muonjaji

Mshona nguo alisimama mbele ya friji la supamaketi iliyojaa watu, gauni lake la kijani limemkaa kama alizaliwa nalo. Alisoma ubavu wa kikombe cha pudini, akasonya, akakirudisha.

"Dada, kimekukosea nini?" akauliza kijana mrefu nyuma yake.

"Majina marefu kama ya dawa. Hiki kikazo ni kitu gani?"

"Ni cha kuifanya pudini iwe nzito, kinatokana na mwani. Kinazuia maji yasijitenge na maziwa. Na huo wanga ulioandikwa hapo chini umetengenezwa usilegee kwa moto mkali unaoua vijidudu. Mimi ningeogopa sukari."

"Wewe daktari?"

"Muonjaji. Kiwandani nalipwa kula hivi."

Mshonaji alicheka mpaka watu wakageuka. Wakapeana namba, na haukupita muda mrefu wakawa hawalali bila kupigiana simu.

Siku ya kuzaliwa ya muonjaji, mshonaji alimnunulia marashi ya bei. Wiki kadhaa baadaye aliikuta chupa kabatini kwa kijana, haijafunguliwa.

"Mpenzi, mbona hupaki?"

"Nitapaka," akajibu, macho chini.

Kumbe kuna mwanamke mwingine anayeyachukia, mshonaji akawaza. Alipompitia kazini, alimwona kupitia kioo: dada wa maabara, koti jeupe, kiuno chembamba, anamlisha kijiko naye kafumba macho! Wivu ukamshika. Akaondoka bila kuaga.

Muonjaji, asiyejua lolote, jioni hiyo akamletea koti lake la kazi ashone kifungo. Mshonaji alishona kifungo, kisha akalipulizia marashi kuanzia kola mpaka pindo. Huyo dada ajue mtu ana mwenyewe.

Kesho yake muonjaji aliingia kwa hasira dukani kwa mshonaji, katikati ya mafundi wenzake, koti kwapani.

"Umefanya nini?"

"Muulize mwanamke wako!"

"Mwanamke gani? Nimetolewa chumba cha kuonja mbele ya wenzangu! Kule hakuingii marashi. Pudini inavuta harufu, na vanila ikipungua nitaijuaje nikinukia maua?"

Mshonaji akaweka mkasi chini. "Ndiyo maana chupa..."

"Ulinipa ukiwa na furaha mno. Nikashindwa kukuambia."

"Ukaniacha niungue peke yangu!"

"Na wewe ukaninunia bila kuuliza. Unadhani mimi siumii?"

Aliumia kweli, ilionekana. Mshonaji alitaka kumshika mkono, lakini wivu haukuwa umemaliza.

"Na yule anayekulisha umefumba macho?"

"Nafumba nisione rangi. Pudini ikitiwa rangi nzito, ulimi unadanganyika, unaiona tamu zaidi."

"Mpigie. Weka spika."

Akapiga. Sauti laini ikajibu, "Umefika kwa wifi yangu? Mpe simu. Wifi, njoo umchukue mtu wako, kila kijiko anakutaja wewe. Hata mume wangu nyumbani keshakujua!"

Simu ilipokatwa, cherehani zilikuwa zimenyamaza. Mafundi wote walikuwa wanasikiliza.

"Wifi? Kwani nimeolewa lini?"

"Nilipanga kukuuliza Jumapili, mbele ya mama."

"Uliza sasa."

Jasho lilimtoka. "Utakubali nikuoe?"

"Nakubali," akasema, machozi yakimlenga, akamkumbatia mbele ya wote. Kisha akamnong'oneza, "Ila huyo dada gauni la kuvaa kwenye harusi yetu nitamshonea mimi mwenyewe. Na litampwaya kila mahali, hicho kiuno kisionekane."