Majirani Waliosengenywa Kabla ya Kuhamia

Mtaa wetu hapa Voi, nyuma ya reli, umelala. Siku ukichangamka sana ujue mbuzi ameanguka mtaroni, na hata hapo watu watabeba viti waje kutazama. Haya yalimpata jirani yangu Margaret, mama Abby, na nilikuwepo. Wengine watakaokusimulia walikuwa wamejificha.

Asubuhi moja ajenti alibandua lile tangazo la nyumba ya kupangisha kwenye geti la buluu, mkabala na kwa mama Abby. Akasema wageni watahamia mwisho wa mwezi. Basi! Watu wazima na ndevu zao wakaacha kazi. Harrison fundi viatu akasema hao ni wezi, wamefukuzwa Maungu. Jacinta wa saluni akaapa mwanamke ni mchawi, ameshazika waume wawili. Nani aliwahi kuwaona? Hakuna. Hata jina lao hatukulijua.

Mama Abby akawapiku wote. Kila akipita na mtoto mgongoni, alitema mate getini.

"Wakae huko huko walikotoka! Abby wangu hatacheza na uchafu."

"Mama Abby, unapigana na nyumba tupu?" nikamuuliza. "Ukishinda utapewa kombe?"

"Sylus, endesha pikipiki yako."

Wiki haikuisha, Abby akaugua. Mtoto wa miaka miwili, mnene kama mkate, akawa anachemka mwili mzima. Hospitali wakapima, wakapima tena, hawakuona kitu. Akaacha kula. Akaacha kulia. Akawa analala uso ukiangalia ng'ambo, kwenye geti la buluu.

Ukimgeuza, anajirudisha.

Nyanya Loise, mama mkwe wa Margaret, akashuka kutoka Sagalla na chupa ya maji ya miwa. Mzee yule hana maneno mengi. Kwetu Taita, hasira iliyofungiwa moyoni inaweza kumlaza mtoto wa mwenzio, hata kama mwenye hasira hakukusudia. Dawa yake ni kutasa: unajaza mdomo maji ya miwa, unayapuliza nje, puu, unasema, "Kama ni mimi, imetoka. Mtoto apoe." Mtaa mzima ukaitwa kutasa. Jacinta akapuliza huku akilinda nywele zake. Harrison akameza yake, ikabidi aongezwe. Mlafi hata mbele ya mgonjwa!

Abby hakupoa. Sasa pumzi yake ilikuwa fupi.

"Nani mwingine mmemkosea?" Nyanya akanong'ona.

Mama Abby akatazama ng'ambo.

"Lakini hawajafika, mama."

"Matusi yenu yalifika."

Ilikuwa mchana, jua linapasua vichwa. Geti lilikuwa na kufuli, na Festus, jirani yetu, na wanaume wenzake wote wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi. Nikaliruka mimi. Mama Abby akanipitishia kikombe cha maji ya miwa kwenye upenyo wa geti, wageni nao watase. Nikakiweka mlangoni, kimejaa hadi ukingoni. Dirisha halikuwa na pazia. Ndani niliona sakafu, vumbi, basi.

Mama Abby akapiga magoti barabarani, mtoto mikononi.

"Majirani," akasema. "Niliwatusi bure. Nimebaki na huyu mmoja. Nawaomba."

Tukangoja.

Hakuna upepo. Hakuna ndege.

Puu.

Ilitoka ndani.

Nikatazama kikombe. Kimejaa. Hakijaguswa.

Puu. Puu. Nzito, ya mwanamume. Kisha nyepesi. Kisha ndogo sana, karibu na sakafu, kama ya mtoto anayejaribu kwa mara ya kwanza, akakosea, akacheka.

Michirizi ya maji ikaanza kushuka kwenye kioo cha dirisha.

Sikumbuki nilivyoruka geti mara ya pili. Nilimkuta mama Abby palepale. Abby alikuwa ameinua kichwa.

"Mama, uji."

Akanywa mabakuli mawili. Homa haijarudi hadi leo.

Ajenti alipokuja na funguo, alitucheka. "Nyinyi watu wa mtaa huu! Wale wapangaji walighairi kitambo, walipata nyumba Mombasa. Hakuna anayekuja." Akafungua. Vumbi lote sakafuni, hakuna alama ya mguu. Akachukua kitambaa afute ile michirizi kiooni.

Akafuta ndani. Haikutoka.

Akatoka, akafuta nje. Haikutoka.

Akapitisha kidole pande zote mbili. Pakavu. Akaacha kucheka, akaondoka, funguo akaziacha mlangoni.

Michirizi imo katikati ya kioo chenyewe. Na jua likiwaka sana, inashuka.