Sauti ya Kiende

Jumapili hiyo, baada ya kutoka kanisani, Mbaabu alimkatia ng'ombe majani, akanawa mikono na kuvaa sweta safi. Hapo nyumbani kwake, nje kidogo ya Nkubu, kulikuwa na kazi isiyoweza kungoja. Kesho yake mama yake, Kiende, angelazwa hospitalini ili apasuliwe koo. Daktari hakuwaficha. Uvimbe ungetolewa, lakini huenda sauti isingerudi tena.

Kiende alikuwa mtu wa maneno. Ndiye aliyejua ukoo wote ulivyotawanyika, nani alizaliwa mwaka wa njaa na shamba la nani lilianzia wapi. Mbaabu na mkewe, Karwirwa, waliamua kumrekodi video kabla ya safari ya hospitali. Makandi, dadake Mbaabu aliyeolewa Kianjokoma, alikuwa mjamzito na hangeweza kuja. Aliomba atumiwe video hiyo.

Simu ya Mbaabu ilikuwa imejaa, lakini hilo halikumsumbua. Alikuwa na kadi ya memori ya zamani, iliyoandikwa MB 512. Simu yenyewe ilikuwa ya GB 32. Alimhakikishia mkewe kwamba kadi ingetosha video za mwaka mzima, kwa sababu mia tano na kumi na mbili inaizidi thelathini na mbili kwa mbali.

Kiende aliketi uani, akaanza. Alisimulia siku aliyomzaa Mbaabu shambani, mvua ikimnyeshea. Alikuwa amefika palepale penye mvua simu ilipoacha kurekodi. Nafasi imejaa. Hata dakika sita hazikuwa zimepita.

Mbaabu alijaribu tena. Ikawa vilevile. Karwirwa akapendekeza wafute video ya ubatizo wa Koome, mtoto wao. Mbaabu aliitafuta, akaitazama, kidole kikakataa kubonyeza.

"Wacha ya mtoto ikae," Kiende alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Yangu yamekuwa mengi."

Maneno hayo yalimchoma Mbaabu.

Wakati huo aliingia jirani yao Jedidah, mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi. Alikuwa amekuja kumuaga Kiende. Walipomweleza yaliyotokea, aliitazama kadi, kisha akamgeukia Mbaabu.

"Baba Koome, magunia mawili ya mahindi na mikebe kumi ya gorogoro, mengi ni yapi?"

"Ya magunia."

"Na kumi si kubwa kuliko mbili?"

Mbaabu alifikiri kidogo. "Ni kubwa. Lakini gunia si gorogoro."

"Basi MB ndiyo gorogoro, na GB ndiyo gunia. Usisome nambari peke yake. Soma na herufi zilizo kando yake."

Akawaeleza polepole. KB ni kipimo kidogo. KB elfu moja hufanya MB moja. MB elfu moja hufanya GB moja. Kompyuta nyingine huhesabu 1,024, lakini kwa hesabu ya nyumbani elfu moja inatosha. Ukitoka GB kwenda MB, zidisha kwa elfu. Ukitoka MB kwenda GB, gawanya kwa elfu.

Mbaabu alipiga hesabu mwenyewe. Simu yake ilikuwa na MB elfu thelathini na mbili. Kadi ilikuwa nusu ya GB tu. Aliinamisha kichwa. Duka la simu lilikuwa limefungwa siku hiyo.

"Hatuhitaji duka," Jedidah alisema. "Video ya simu hii hula karibu MB mia moja kwa dakika. Sauti tupu hula kama MB moja tu."

Mbaabu aliinua macho. MB mia tano, MB moja kwa dakika. Hiyo ilikuwa zaidi ya saa nane.

"Basi rekodini sauti," Kiende alisema. "Anayetaka kuniona, picha yangu iko ukutani."

Jedidah alikwenda na kadi kwake, akaihifadhi ile video fupi kwenye kompyuta yake, kisha akairudisha kadi ikiwa tupu. Kiende alirudi kwenye mvua yake. Alizungumza mpaka chai ikapoa mara mbili, akamalizia kwa wimbo aliowabembelezea watoto wake wote.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Uvimbe ulitoka, na Kiende akarudi nyumbani akiwa na nguvu. Sauti haikurudi.

Makandi alipiga simu akiwa na wasiwasi. Alikuwa na bando la intaneti la GB moja tu, na rekodi ilikuwa MB 150.

"GB moja ni MB elfu," Mbaabu alimwambia. "Utabakiwa na kama mia nane na hamsini. Ipokee tu."

Baada ya kujifungua, Makandi alikuja Nkubu na mtoto mchanga, akamweka mapajani mwa nyanya yake. Mtoto alilia. Kiende akamnyooshea Mbaabu kidole, akionyesha simu. Mbaabu alibonyeza, na wimbo ukajaa chumba. Kiende alimbembeleza mjukuu wake kwa mwendo wa sauti yake mwenyewe, midomo ikifuata kila neno, mpaka mtoto akalala.