Neno la Siri la Kalonji

Jambo hili lilimpata Mbelu, jirani yetu wa mtaa wa Manika, Jumanne moja yenye jua, nguo zikikauka kwenye kamba.

Asubuhi ile alikuwa anapiga pasi blauzi ya kwendea komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Saa tisa alasiri Tata Mpoyi, rais wa koperative ya wachimbaji, angesimama mbele ya watu na kuapa tena kwamba shimo lake linaishia barabarani. Uongo mtupu. Kalonji, kaka yake Mbelu, alilipima kabla halijamfunika mwezi wa pili, na mwili wake haujatoka mpaka leo. Mchoro wake ulionyesha shimo likipita chini ya nyumba kumi za avenue yao, watoto wamelala juu. Na mchoro huo ulikuwa ndani ya ordinateur yake, kompyuta ya Linux, tu, si kwingine.

Ordinateur ikaomba mise à jour, isasishwe programu zake. Mbelu akakubali, mkono mmoja kwenye pasi. Ikajizima, ikawaka tena. Kioo cheusi.

Antoine, fundi wa mashine, alifika na pikipiki ya taxi-moto. Akaiwasha kwa maandishi matupu, akasoma.

"Noyau, kiini cha mfumo, imebadilika. Pilote ya carte graphique, programu yenye kuonyesha picha kwenye kioo, ilijengewa noyau ya zamani. Turudilie ya zamani."

"Nilikubali ifutwe palepale. Disque ilikuwa inajaa."

"Ku campus unashindaka ba-professeur, huku unafuta njia ya kurudilia."

"Tengeneza, Antoine. Utanicheka kesho."

Wakavuta mafaili ya noyau mpya kwa mtandao wa simu. Pilote ikajengwa upya, mstari kwa mstari. Kisha ikagoma. Mashine haikubali pilote isiyotiwa sahihi, na ufunguo wa sahihi ulilindwa na neno la siri la Kalonji.

Mbelu akajaribu jina la mama yao. Hapana. Siku ya kuzaliwa. Hapana. Antoine akarudi nyuma na kiti chake.

Nyota moja, alama ya herufi iliyofichwa, ikatokea kwenye kioo mahali pa neno la siri.

Mbelu akatazama vidole vyake. Vilikuwa mapajani.

Nyota ya pili. Ya tatu.

"Ni we?" akanong'ona.

"Haiko mi."

Nyota saba. Kisha kitufe cha nane, cha kuingiza, kikashuka chenyewe, polepole, kama kinabanwa na mtu aliyechoka.

Mchoro ukafunguka.

Kalonji alikuwa amepima pointi kumi na mbili. Sasa zilikuwa kumi na tisa. Kila moja ya hizo saba mpya ilikuwa na saa yake, zote za leo. Ya kumi na nane: leo, saa saba na dakika arobaini. Ya kumi na tisa: sasa hivi. Chini ya meza yao.

Sakafu ikagongwa. Mara moja.

"Tutoke," Antoine akanong'ona.

Mbelu akabeba mashine ikiwa bado inawaka. Komini, aliiweka mbele ya Tata Mpoyi.

"Tata, pointi hizi saba za leo kwenye mchoro wa Kalonji, unazijua?"

"Mutoto, mutu mwenye kufa hapimake."

"Basi tuambie ni nani anapima."

Tata Mpoyi alitazama saa zile kwenye kioo, kisha akatazama chini, kwenye viatu vyake. Watu hawakungoja uamuzi wa komini. Walikimbia kutoa magodoro na wazee. Kabla jua halijazama, nyumba ya Mbelu na nyingine nne zilimezwa. Hakufa mtu.

Alhamisi Antoine aliichukua mashine, akasoma kumbukumbu zake. Alimfuata Mbelu kanisani, walikojihifadhi waliopoteza nyumba, akasema kwa sauti ya chini.

"Pilote haikuingia, Mbelu. Ilikataliwa kila mara. Siku ile kioo hakikuwa na namna ya kuonyesha mchoro."

Akamrudishia, akaondoka bila kuketi.

Mbelu akafunua kifuniko. Vitufe vinane vilikuwa na udongo mwekundu, umelowa. Akaufuta. Kesho yake ulikuwepo. Akaianika mashine juani.

Ni wiki ya sita sasa, na ni kiangazi. Udongo ule haujakauka. Tangu Jumapili uko kwenye vitufe tisa, na hakuna aliyeigusa mashine.