Tundu Lililozibwa kwa Karatasi

Kila Jumamosi, Naima akishafua sare zake na za mdogo wake Lulu, alibakiwa na kazi moja kabla ya kuruhusiwa kucheza. Ilikuwa kupangusa vumbi kwenye kabati la sebuleni. Tandika, kwenye nyumba zilizopakana na barabara ya mchanga, vumbi halijui likizo. Ukilifuta asubuhi, adhuhuri limesharudi na kukaa kama mgeni aliyealikwa.

Rafu ya juu ya kabati hilo ilikuwa na kanda mbili za video. Ya jalada jeusi ilikuwa ya mpira wa miguu, na hakuna aliyeijali. Ya jalada jeupe ilikuwa ya harusi ya shangazi yao Hamisa, aliyeishi mtaa wa pili na kushinda kwao kila siku tangu mama yao, Bi Tabu, alipofariki. Wakati wa msiba Lulu alikuwa hajaota hata meno. Sura na sauti ya mama yake alivijua kwa kanda ile tu.

Kila Idd, baba yao, Mzee Mbwana, aliazima deki kwa jirani yao Leodegar, fundi wa redio na video, na ndugu wote wakajazana mkekani. Mama alionekana akicheza ngoma, akipakua pilau, akiwatania wakwe. Karibu na mwisho alimkaripia Naima, wakati huo bado mdogo, aliyenyakua soda ya mgeni: "Naima! Rudisha. Ukitaka, si uombe?" Hapo wote waliangua kicheko, na Lulu aliyarudia maneno hayo siku nzima mpaka wakamkataza.

Mwaka huo Bi Kokushubila, mwenye duka la kukodisha kanda karibu na soko, alipandisha bei. Mtaa ukachachamaa. Bombani watu hawakuwa na mazungumzo mengine.

"Kanda unakaa nayo siku moja tu, halafu bei hiyo!" alifoka mama mmoja akitua ndoo. "Na ukichelewa, faini juu."

"Basi msikodi," alijibu Shangazi Hamisa. "Kwani nyie mmelazimishwa?"

Praygod, mtoto wa fundi Leodegar, alisikia yote hayo. Alisoma darasa moja na Naima, na mdomo wake haukujua kupumzika.

"Sikiliza," alimwambia. "Mie nitakodi mara moja tu. Nyumbani kuna deki za wateja kibao. Tunaunganisha mbili, tunarekodi, picha linakuwa letu. Wewe leta kanda."

"Huo si wizi?"

"Wizi gani? Kanda yake tunamrudishia nzima nzima. Na kwa bei ile, mwizi nani?"

Maneno hayo yalimwingia Naima vizuri mno. Darasa zima lilikuwa likizungumzia picha moja la ngumi, na yeye ambaye hajaliona alibaki kutumbua macho. Alasiri, shangazi alipokwenda sokoni, Naima alichukua kanda ya jalada jeusi, akaificha chini ya khanga na kuvuka barabara.

Praygod aliitoa kwenye jalada, akaigeuza. Haikuwa na maandishi yoyote. "Hii wameivunja kijino hapa mgongoni. Kikivunjwa, deki inagoma kurekodi juu yake."

"Sasa?"

"Dogo sana hilo." Alichana karatasi ya daftari, akaikunja, akalishindilia tundu na kubandika selotepu juu yake. Deki ikakubali. Naima alijiuliza nani angehangaika kulinda mechi ya zamani namna ile, lakini steringi, yule shujaa wa picha, alikuwa ameshaanza kurusha mateke, na swali likapotea.

Ramadhani ilipokaribia kwisha, Naima alikuwa akipangusa kabati lilelile. Jalada jeupe likamponyoka mkononi na kufunguka. Kanda iliyoangukia sakafuni ilikuwa na kijino chake kizima, na ubavuni ilikuwa imeandikwa "Mpira".

Alisimama na kitambaa mkononi. Akakumbuka Idd iliyopita, shangazi akikusanya vyombo na kanda harakaharaka kwa sababu wageni walikuwa wakiaga. Shangazi alikuwa amezirudisha kanda katika majalada yasiyo yake.

Alikimbia mpaka kwa Praygod. Waliiwasha ile waliyorekodi, na pale ambapo wanawake wa ukoo wangeingia wakipiga vigelegele, steringi alimtandika mtu teke la kifua. Naima aliichomoa kanda kabla hata mtu yule hajafika chini.

"Mama yangu," alisema. "Praygod, tumemfuta mama yangu."

Praygod aliizima deki.

Siku zilizofuata zilikuwa za mateso. Wakati wa kufuturu Naima alimwachia Lulu uji wake. Aliwaza kuitupa kanda chooni, aliwaza kusema imeibiwa, kisha akajichukia kwa kuwaza hivyo. Alimwomba Mungu arudishe picha zile, huku akijua fika kwamba anaomba lisilowezekana. Kibaya zaidi alikuwa Lulu. Kila akiamka alimtazama dada yake akicheka. "Idd imekaribia! Mama anakuja!"

Naima alitoka nje kila mara akalie nyuma ya nyumba, ambako kuku tu ndio waliomwona. Mwisho akapiga moyo konde. Baba aliporudi kutoka msikitini alasiri, Naima alimpigia magoti na kumwambia yote, hata karatasi na selotepu.

Baba hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliichukua kanda, akaipapasa selotepu kwa kidole.

"Hapa mama yako ndiye aliyemwambia mpiga picha avunje," alisema. "Alisema, 'Vunja, asije mtu akatufuta.'" Akaiweka kanda mezani. "Vaa viatu. Tunakwenda kwa mwenye duka."

Bi Kokushubila alikuwa akipanga kanda rafuni. Naima alimsalimu shikamoo, akaeleza kwa sauti iliyokatikakatika.

"Bei yangu ni kubwa, kweli," alisema Bi Kokushubila, Naima alipomaliza. "Hata mie ningelalamika. Ungekuja tukagombana hapahapa, pengine ningekupunguzia. Lakini mnaporekodi, mie nabaki na kanda nilizonunua kwa jasho, hazitoki, mwisho nafunga duka. Hapo mtakodi wapi?"

Waliafikiana kwamba likizo ile yeye na Praygod wangekuja dukani kurudisha mwanzoni kanda zote ambazo wateja huziacha mwishoni. Fundi Leodegar naye, alipopata habari, alimpa mwanawe maneno yake kando.

Idd ikafika. Shangazi, ambaye aliomboleza kosa lake la majalada kana kwamba msiba umeanza upya, alisema deki isiazimwe. Lulu akajigaragaza chini. "Namtaka mama! Mwekeni mama!"

"Mwacheni aone mwenyewe," alisema baba kwa unyonge. "Nami sina namna nyingine ya kumweleza."

Wakakaa mkekani kama watu wa matanga, wakitazama ngumi na mateke. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyegusa kalmati. Naima alitamani ardhi ipasuke immeze. Alinyanyuka akazime, Lulu akamshika gauni.

"Usizime. Atakuja."

Picha likafika mwisho. Zikabaki chenga nyeupe kiooni na mlio wa kukera. Baba akanyoosha mkono kuzima, na mkono wake ukiwa bado hewani, sebule ikajaa vigelegele.

Harusi ilikuwa ndefu kuliko lile picha. Ngoma ilikuwa imefutika, na pilau, na utani wa wakwe. Lakini kipande cha mwisho kilikuwepo, na ndani yake alikuwemo Bi Tabu na khanga yake begani, akimwinamia mtoto mwenye chupa ya soda.

"Naima! Rudisha. Ukitaka, si uombe?"

"Nimewaambia!" alipiga yowe Lulu. "Nimewaambia atakuja!"

Mwaka huo hakuna aliyecheka. Shangazi alifunika uso kwa mtandio. Naima alilia waziwazi, na baba akamvuta karibu naye.

"Umemsikia mama yako," alisema. "Mimi sina kubwa la kuongeza. Soda ya mgeni, picha la Bi Kokushubila, vyote ni vitu vya watu. Bei ikikushinda, lalamika, omba, au ukae bila. Ukichukua kwa mlango wa nyuma, hujui unachofuta. Leo tumebakishiwa kidogo, mwanangu. Tukitunze."

Kanda ilipoisha, Naima aliichomoa. Alibandua selotepu taratibu, akaikwangua ile karatasi kwa kucha mpaka yote ikatoka, akaliacha tundu wazi kama mama yake alivyotaka.