Kengele Mbili Katika Folda Mbili

Asubuhi Fetuao alifundisha hesabu shuleni. Mchana alipika majimbi na samaki. Alasiri alifungua kompyuta yake kwenye meza ya chakula, akaendelea kuandika programu ya sanduku la kijiji.

Sanduku hilo lilifungwa kwenye mnara wa kanisa. Lilikuwa na kazi mbili. Kila jioni lilipiga kengele ya sala, taratibu, mara tatu. Kengele hiyo ikilia, kijiji kizima cha Salefuti huketi na kusali, na hakuna anayetembea barabarani. Kazi ya pili ilikuwa nzito zaidi. Likija onyo la wimbi kubwa, sanduku lilitakiwa kupiga king'ora ili watu wakimbilie mlimani.

Programu huandikwa vipande vipande, na kila kipande huwekwa kwenye faili lake. Fetuao alikuwa na mafaili hamsini na nane, yote ndani ya folda moja, yamejazana kama nguo chafu kapuni. Kulikuwa na kengele, kengele2, kengele_mpya na kengele_mpya_kweli. Mumewe, Penitito, aliyaona akacheka.

"Mke wangu, sasa hiyo ya kweli ni ipi?"

Hata Fetuao mwenyewe hakuwa na uhakika. Basi akaamua kufanya usafi. Alitengeneza folda ya sala na folda ya wimbi. Katika kila folda aliweka faili moja linaloitwa kengele, la kutoa sauti inayohusika. Majina yakawa mafupi, akafurahi.

Kuna programu nyingine ambayo kazi yake ni kujenga. Husoma orodha ya mafaili, hulitafsiri kila faili kwa lugha ya mashine, kisha huyaunganisha yote. Fetuao aliiita mjenzi, kana kwamba ni mtu. Orodha hiyo ilitaja jina kengele tu, bila folda; aliiacha kama ilivyokuwa, akaongeza mstari mmoja tu: faili likikosekana, litafutwe kwenye folda ya sala, kisha kwenye folda ya wimbi. Mjenzi alimaliza bila kulalamika. Jioni hiyo kengele ya sala ililia vizuri, na Fetuao akalala akiwa ametulia.

Jumamosi, saa nne asubuhi, kijiji kilifanya mazoezi ya kukimbia wimbi. Mwenyekiti wa kijiji alibonyeza kitufe cha wimbi. Sanduku likapiga kengele, taratibu, mara tatu.

Watu walitazamana. Haukuwa wakati wa sala, lakini kengele ni kengele. Wakaingia ndani, wakaketi. Nyumba moja ikaanza wimbo. Fetuao alitoka mbio akiwaambia wainuke, waende mlimani. Vijana wanaolinda barabara wakati wa sala wakamzuia.

"Mwalimu, kaa chini. Watu wanasali."

Akakaa kwenye majani, machozi yakimtoka. Lingekuwa wimbi la kweli, lingewakuta wote wamefumba macho.

Wazee walikutana siku hiyo hiyo. Walimpa wiki moja. Akishindwa, sanduku lingeshushwa, na kijiji kirudie mtungi wa gesi unaogongwa kwa chuma. Yote hayo aliyapokea. Kilichomkata maini ni maneno ya mama mkwe wake, Iutita, mwenye miguu mibovu na nyumba iliyo hatua chache tu kutoka majini. Mumewe Iutita alichukuliwa na wimbi miaka mingi iliyopita. Alisema kwa upole kabisa kwamba yeye hatatoka tena nyumbani kwake kwa ajili ya sanduku lile.

Jumatatu akaja jirani yao, Mzee Filemoni. Alikuwa ameandika programu ng'ambo, mjini Auckland, kwa miaka ishirini, kisha akarudi kulima ndizi. Alivua viatu vyenye tope, akaketi, akasoma orodha ya mjenzi. Halafu akauliza kijijini kuna kina Iutita wangapi.

"Wanne," Fetuao akajibu.

"Ukimwambia mtu, kaniitie Iutita, anza kutafuta nyumba ya kwanza, atakuletea yupi?"

"Wa nyumba ya kwanza."

"Na hao wengine?"

"Hatawafikia. Ameshampata mmoja."

"Ndivyo mjenzi wako alivyofanya. Alikuta kengele kwenye sala, akaridhika. Folda ya wimbi hakuifungua kwa ajili ya faili hilo. Kutenganisha mafaili umefanya vyema, binti yangu. Ila umehama nyumba bila kumpa mjenzi anwani."

Fetuao aliona aibu, lakini pia alipumua. Kosa lenye sababu hurekebishika.

Wakaanza kazi. Kwanza aliandika anwani kamili ya kila faili: sala/kengele, wimbi/kengele. Kila folda akaipa orodha yake ndogo, na orodha kubwa ikazitaja hizo ndogo. Pia alimwagiza mjenzi asirundike vipande vilivyotafsiriwa mahali pamoja, bali kila folda iwe na sehemu yake, kimoja kisifute kingine. Kisha akafuta vipande vyote vya zamani, akajenga upya.

Mjenzi akagoma. Alisema ndani ya mafaili hayo mawili amekuta amri mbili zenye jina moja, "piga".

"Hiyo ni habari njema," Mzee Filemoni akasema. "Mara hii ameziona zote mbili."

Fetuao akazibadilisha, moja ikawa sala_piga, nyingine wimbi_piga. Akajenga tena, mjenzi akakubali. Lakini safari hii hakumwamini mjenzi peke yake. Alijaribu kitufe cha wimbi nyumbani kwa spika ya kompyuta, king'ora kikalia hadi kuku wakakimbilia migombani. Akajaribu kengele ya sala. Ikalia mara tatu.

Jumamosi mwenyekiti alibonyeza tena. King'ora kilijaa kijiji kizima. Watu walitoka wakiwa wamebeba watoto. Fetuao na Penitito walikimbilia nyumba ya Iutita ufukweni wakisukuma toroli. Walijua watabishana na mama.

Nyumba ilikuwa tupu. Walimkuta njiani, nusu ya mlima, ameegemea fimbo, anahema, anapanda. Penitito akamwomba apande toroli. Akakataa.

"Mama, ulisema hutatoka," Fetuao akamwambia.

Iutita alisimama kuvuta pumzi. Aligeuka akatazama bahari, ambayo siku hiyo ilikuwa imetulia.

"Siku ile ya wimbi hakukuwa na sauti yoyote," akasema. "Baba yenu angeisikia hii, angetoka."

Akamshika Fetuao mkono, wakaendelea kupanda.